Njama ya Tundu Moja

Jumatatu, 6 Januari 2025. Koboko.

Mwaka mpya, shajara mpya. Naandika kwa Kiswahili nilichofundishwa Kitale nilipokuwa nakaa kwa baba mdogo. Sababu ni Sulaiti. Watu wa hapa mpakani wanazungumza Kiswahili cha soko, lakini kukisoma kikiwa kimenyooka hawawezi. Hasa yeye. Natumaini.

Sulaiti anachaji simu za watu upande wa pili wa barabara, mkabala kabisa na kibanda changu ninachochajia simu za watu. Mimi nilitangulia. Yeye alikuja baadaye na mwavuli na tabasamu. Kila asubuhi ananisalimu. Kila asubuhi! Mtu asiye na nia mbaya huchoka.

Leo redio imetoa habari nzito. Ulaya wameweka sheria: simu mpya zote ziwe na tundu la aina moja, zichajiwe kwa waya mmoja, ule wa Taipu-C. Nimezima redio ili nifikiri. Wazungu hawajakubaliana mpaka leo gari liendeshwe upande gani wa barabara. Iweje wakubaliane juu ya waya? Kuna kitu.

Nimefikiri mpaka chai imepoa. Jibu limekuja lenyewe. Simu zote zikiwa na tundu moja, chaja za zamani zinakuwa takataka kwa siku moja. Atakayekuwa na nyaya mpya ndiye atakayeishika Koboko. Na anayeishika Koboko hanyimwi mke. Rejoice! Jumamosi ya wiki ijayo watu wangu wanakwenda kwa baba yake, Mzee Yengi, kuzungumza mahari. Nataka wanikute nimeshakuwa mtu. Rejoice anashona nguo nyuma ya soko, na yeye anasema mimi ni mtu tayari. Lakini ananipenda, kwa hiyo ushahidi wake haufai.

Jumanne, 7 Januari.

Nimemwuzia Sulaiti chaja zangu zote za zamani. Zote! Za pini ndogo, za pini nene, zile bapa. Hata kibanio, kile kidude cha plastiki: unatoa betri ya simu, unaibana kwenye sindano zake mbili, kinachaji betri yoyote ya simu yoyote chini ya mbingu. Uchafu wa zamani.

Sulaiti alikigeuzageuza kibanio mkononi. Akaniuliza kama nina hakika. “Adrabo, hii nayo wewe nauza? Hii iko kazi ya kila siku.” Nikamjibu kwamba siuzi, ninafagia. Akaniuliza tena. Kwa nini aliuliza mara mbili? Ili nidhani ananihurumia. Adui anayekuhurumia ndiye hatari kuliko wote.

Rejoice alipita na uzi wake, akauliza kesho nitachaji simu za watu kwa nini. Nikamwambia asubiri aone. Akasema atasubiri, lakini hakuonekana kama mtu anayesubiri kitu kizuri.

Alhamisi, 9 Januari. Vurra.

Nimelala Arua, asubuhi nikashuka mpaka Vurra kwa binamu yangu Candia. Candia anaishi kwa malori yanayotoka Aru, upande wa Kongo. Anajua kila kinachopita mpakani na baadhi ya visivyopita. Huyu namwamini kabisa. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja.

Nilimnong'oneza habari ya tundu moja. Akashtuka. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akanivuta nyuma ya lori. Akasema nimefika siku ileile aliyokuwa ananiombea. Ana magunia mawili ya nyaya za Taipu-C, na kuna mtu wa Kampala anayazunguka kama nzi. Akanionyesha mmoja. Jamani! Kichwa cha Taipu-C upande huu, kichwa cha Taipu-C upande ule. Hauna mbele wala nyuma. “Ndugu, hii iko mupya kabisa. Mutu hapana kosea hata giza iko.” Mpaka machozi yalinilengalenga.

Nimechukua magunia yote mawili. Candia alinisaidia kuyapakia mwenyewe, haraka, akakataa hata soda. Hakutaka kuniona nikiondoka, alisema inamwumiza. Damu ni damu.

Jioni hiyo hiyo nimeuza baiskeli yangu sokoni Arua, nikanunua simu moja mpya ya Taipu-C, ndani ya boksi lake. Hiyo ina kazi maalumu. Siiandiki hapa.

Jumamosi, 11 Januari. Koboko.

Nimetundika ubao: TAIPU-C TU. ULIMWENGU UMEBADILIKA. Nimekaa.

Watu wamekuja na simu zao zilezile. Pini ndogo, pini ndogo, bapa, pini ndogo. Nikawaeleza sheria ya Ulaya. Wakanisikiliza kwa heshima, wakavuka barabara kwenda kwa Sulaiti. Kuna bibi mmoja wa Kuluba aliyeleta mayai sokoni na simu ya mjukuu wake. Aliuchukua waya wangu akautazama huku na huku. “Kitu hapana kichwa, hapana mkia. Hii mimi hapana amini.” Nikamwambia hapo ndipo ulipo uzuri wake. Akaurudisha mezani kwa vidole viwili na kujifuta mkono kwenye kitenge.

Mchana Mungu akanikumbuka. Marino, yule mfanyabiashara wa Sudan Kusini anayeleta njugu na ufuta, ana simu ya Taipu-C! Mteja wangu wa kwanza wa ulimwengu mpya. Nikachomeka kichwa kimoja kwenye simu yake. Kikaingia vizuri, hata sauti yake ilikuwa tamu. Nikatafuta pa kuchomeka kichwa cha pili.

Hapakuwa na mahali.

Vichwa vya ukutani, vile vya kuchomeka kwenye umeme, vyote nilivyobaki navyo vina tundu pana, lile la zamani. Na boksi la simu mpya halifunguliwi kabla ya kazi yake. Nimejaribu kwenye betri ya sola. Nimejaribu kwenye redio. Marino akauliza kwa upole kama nachaji simu au naipima. Akauchomoa waya wangu, akatoa wake mfukoni, mkia mpana kama wa kila mtu, akavuka barabara. Nimeumia sana leo. Nasema kweli.

Jumapili, 12 Januari.

Nimempigia Candia baada ya misa. Anasema vichwa vya ukutani vinavyokubali nyaya zangu vipo, vimepakiwa kwenye lori jingine, limeharibika kabla ya Aru. Wiki hii hii linafika. Nikamwuliza nani aliliharibu. Akasema yeye hakufikiria hivyo.

Mimi nimefikiria. Sulaiti ana shemeji fundi wa magari.

Jumanne, 14 Januari.

Leo nimefanya kazi maalumu. Mpango ni huu: watu wa Koboko hawatabadilika kwa sababu ya ubao. Watabadilika wakimwona mtu mkubwa amebadilika. Mtu mkubwa ni Mzee Yengi. Tangu alipovuka kutoka Yei, Sudan Kusini, Wakakwa wote wa upande wetu, watu wa kabila lake, wanapeleka kwake kesi zao. Akishika simu ya Taipu-C, ukoo mzima utafuata. Na mkwe aliyemletea atakaa kiti cha mbele siku ya Jumamosi.

Simu yake ya zamani ni kile kidubwasha cha pini ndogo chenye tochi, kimefungwa mpira ili betri isianguke. Nikampigia magoti, nikampa ile mpya kwa mikono miwili. Alifurahi! Alikipapasa kioo akacheka kama kijana. Laini yake ilikuwa kubwa, haikuingia, nikaikata kwa mkasi wa Rejoice. Ikaingia. Namba yake ileile. Nikaichukua ya zamani, niitunze, nikamwambia. Kusema kweli nimeichukua asije akairudia.

Kichwa cha ukutani kilichokuwa ndani ya boksi sikumpa. Ndicho cha pekee Koboko nzima kinachokubali nyaya zangu! Kiko kibandani kwangu, kimefungwa kamba. Mzee akitaka chaji atakuja kwangu, watu watamwona akija, nao watakuja. Rejoice aliniuliza boksi mbona jepesi. Ana macho makali, huyo. Nikamwambia vitu vya kisasa ni vyepesi.

Jumatano, 15 Januari.

Balaa.

Rejoice amekuja mbio, uzi bado shingoni. Baba yake amekaa tangu alfajiri anaifungua simu mpya ili awaite ndugu zake kwa ajili ya Jumamosi, na ndani hamna mtu. Hakuna jina hata moja! Majina yote yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu ile ya zamani, si kwenye laini. Mzee ameniletea swali kupitia binti yake: “Mtoto, simu iko mzuri. Lakini ndugu zangu iko wapi ndani?”

Na hapa niandike desturi ya ukoo wao, ili nisisahau tena. Bibi harusi haozwi bila wajomba na baba zake wadogo. Nao hawaji kwa kusikia, wanakuja kwa kuitwa, na anayeita ni baba mwenye nyumba kwa sauti yake mwenyewe. Asipowaita, hakuna kikao. Kikao kisipokaa, watu wangu wanarudi na ng'ombe wao bado mdomoni, hawajatajwa, na nyumba ile haipokei posa ileile mara mbili mwaka mmoja. Mwaka mzima! Na kuna mwalimu mmoja Kuluba anayemkodolea Rejoice macho kanisani.

Basi, washa simu ya zamani. Nimeiwasha. Imekufa. Chaja za pini ndogo zote za barabara hii ziko kwa Sulaiti.

Rejoice akasema ni kuvuka barabara tu. Akanyoosha mkono nimpe. Nimekataa! Nimemweleza polepole: ndani ya simu ile zimo namba za wajomba wote wa mchumba wangu. Sulaiti akizipata, atawapigia yeye. Atasema neno gani? Atatuma posa ya nani? Rejoice akaushusha mkono. Akauliza kama nimekula leo.

Jioni nimemenya waya mmoja wa Taipu-C kwa meno, nikazifunga nyuzi zake kwenye betri ya Mzee kwa gundi ya bandeji. Umetoka moshi. Si kwenye betri, Mungu mkubwa, ni kwenye waya. Na kile kichwa cha ukutani, kile cha pekee, kimenuka na kunyamaza. Sasa hata simu mpya ya Mzee haina wa kuichaji.

Sulaiti alivuka kuuliza huo moshi wa nini. Nikamwambia ni ubani.

Ijumaa, 17 Januari.

Jana nimepata wazo la kiume. Kama sauti ya Mzee haiwezi kufika, mimi nitafika. Leo nimepanda bodaboda mpaka Abuku, kwa Natale, mdogo wake Mzee na mkubwa wa wajomba na baba wadogo wote. Nilimkuta anapura mtama. Nikasalimu vizuri. Nikamwambia anatakiwa kesho nyumbani kwa kaka yake kuzungumza mahari.

Akauliza mahari ya nani. Nikasema ya Rejoice. Akauliza mimi ni nani katika habari hiyo. Nikasema mimi ndiye bwana harusi.

Ameweka chini mti wa kupuria. Amewaita wake zake. Amewaita majirani. “Njooni muone. Ng'ombe nakuja yeye mwenyewe kuita mutu ya kukula yeye!” Wamecheka mpaka mmoja ameshikilia ukuta. Kisha Natale hakucheka tena. Faini: mbuzi, hapohapo, kwa bwana kuwaita wakwe zake kwenye mahari yake. Mbuzi nimeahidi.

Halafu akaanza kuuliza mambo. Kwa nini kaka yake hapigi? Kwa nini namba yake haipatikani tangu jana? Je, Yengi anataka kula ng'ombe peke yake? Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mimi pia nilikuwa nimejiuliza. Sikupaswa kusema hivyo. Nimemwacha anatembea huku na huku uani, mtama umetawanyika, anasema ameanza kuelewa mambo mengi ya zamani.

Njiani kurudi nimehisi vibaya. Lakini yule mzee ana akili. Anaona mbali.

Jumamosi, 18 Januari.

Siku yenyewe.

Tulifika asubuhi: mimi, shangazi Driciru ambaye ndiye msemaji wetu, wazee wawili wa kwetu na Candia, aliyepanda toka Vurra akiwa amevaa koti. Kabla hatujaondoka kibandani nilimwona akivuka kwenda kwa Sulaiti kuacha simu yake ichajiwe. Simu ya pini ndogo! Nimemwelewa: anajificha, wasijue yeye ndiye chanzo cha nyaya zangu.

Uwanja wa Mzee Yengi ulikuwa na viti vingi na hakuna aliyekaa. Mzee amekaa peke yake, simu mpya magotini, nyeusi kama sufuria. Hakunitazama. Shangazi aliniuliza kwa pembe ya mdomo nimefanya nini. Nikamwambia kuna mkono wa mtu katika jambo hili. Akaniambia ndiyo, akaitazama mikono yangu.

Tulikaa. Jua likapanda. Mama yake Rejoice akatoka akafunika sufuria tena. Kusema kweli hapo niliogopa. Niliona mwaka mzima, nikamwona yule mwalimu wa Kuluba.

Rejoice akatoka jikoni. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti langu mbele za watu wote, akatoa simu ya baba yake, akaondoka nayo kwa miguu kuelekea mjini. Nikasimama nimzuie. Shangazi alinivuta shati nikakaa.

Alirudi na Sulaiti kwenye pikipiki. Sulaiti alikuwa amebana betri ya Mzee kwenye kibanio. Kibanio changu! Alikuwa amekifunga kwenye betri ya pikipiki, kinawaka taa nyekundu na ya kijani njia nzima. Akaichomoa laini iliyokatwa kwenye simu mpya, akaipachika mahali pake pa zamani, akairudisha betri ndani, akafunga mpira, akaiwasha, akampa Mzee kwa mikono miwili na kwenda kusimama mbali kando ya ua. Mbali sana. Mtu asiye na lolote angesimama karibu.

Mzee alipiga simu. Mmoja, mwingine, mwingine, sauti inapanda kwa furaha. Natale alimkatia. Akapiga tena, Natale akasema maneno yaliyosikika mpaka kwetu, kisha Mzee akacheka, kisha kule nako wakacheka. Kufika mchana bodaboda zimejaa uani. Wajomba wote. Kitu cha kwanza walichofanya ni kumpa Sulaiti simu zao achaji. Nimezihesabu kwa macho: hakuna Taipu-C hata moja.

Faini zangu: mbuzi kwa kukata laini ya mkwe, mbuzi kwa kuficha ndugu zake mfukoni, na yule wa Abuku. Natale alitaka mwingine kwa ajili ya mtama. Shangazi alikubali yote bila kupumua. Na kabla jua halijashuka wamekubali posa. Wamekubali! Vigelegele. Rejoice alinitazama toka mlangoni, akatabasamu kidogo, amechoka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Sulaiti walimpa kiti. Kiti cha mbele.

Jumapili, 19 Januari.

Sikulala. Nimekuwa nikigeuza jambo moja. Kwa nini wamekubali haraka hivyo?

Mimi ni mtu niliyemkatia Mzee laini, nikagombanisha ndugu, kikao cha mahari yangu kikaokolewa na mkono wa adui. Mtu kama huyo hapewi binti siku hiyohiyo. Labda kuna kitu wanachoficha. Na nani aliyewaleta pamoja? Sulaiti. Na nani aliyekaa kiti cha mbele? Nimekwenda kwa shangazi Driciru kumwomba arudi akawaulize sababu. Amenifungia mlango. Candia nimempigia, hapatikani. Anapigania lori letu, maskini.

Jumatatu, 20 Januari.

Rejoice amekuja asubuhi. Ameketi kwenye magunia ya nyaya. Amesema amesikia kwa shangazi kwamba nataka wahojiwe walionikubali.

Nikamwambia ni uchunguzi mdogo tu. Akauliza swali moja. “Adrabo, wewe nataka mimi, ama nataka kushinda Sulaiti?” Lilikuwa swali la ajabu, halikufanana naye. Basi nikamwuliza nani amemtuma kuliuliza.

Macho yake yalijaa maji. Akasema alinitaka tangu nilipokuwa na meza moja na chaja tatu, kabla ya ulimwengu kubadilika. Akasema amechoka. Atamwambia baba yake asingoje ng'ombe. Nikamwambia hapo sasa anazungumza kama mtu aliyefundishwa maneno. Akasimama, akapangusa sketi, akachukua simu yake iliyokuwa imeisha chaji.

Amevuka barabara. Amekwenda moja kwa moja kwa Sulaiti, amempa simu, ameketi kwenye benchi lake. Nilishtuka kidogo tu, kisha nimeelewa yote. Machozi yale, maneno yale makali, mbele ya kibanda ambapo kila mtu anaona! Amekwenda kunipelelezea. Ni mwanamke mwenye akili nyingi, sikujua ni nyingi kiasi hiki.

Sulaiti amemletea chai. Anazungumza, Rejoice anasikiliza. Mara moja amecheka, kicheko kile ambacho sijakisikia tangu Krismasi. Anamlegeza Sulaiti ili aseme kila kitu.

Jua linazama na bado yuko pale, ingawa simu yake lazima imejaa zamani. Nimemfutia vumbi kiti. Akirudi nitamwuliza amesikia nini.